Idara ya mtu mmoja

Mwenzangu, uko hapo? Nimejifungia stoo ya mashuka, machozi hayakatiki.

Lile dodoso la kutuuliza sisi madaktari tunaosomea ubingwa kama tunaridhika na kazi, si walisema ni siri, hakuna kuandika jina? Leo asubuhi wametoa matokeo ukumbini mbele ya wote, idara kwa idara. Ngozi, tisa kwa kumi. Macho, nane. Upasuaji wa watoto, moja.

Moja. Na idara nzima anayesoma ni mimi peke yangu.

Mwalimu wangu alikaa kiti cha mbele, yule mzee aliyenishika kiwiko siku ya kwanza nilipotetemeka na kisu. Akageuka, akasema polepole, "Moja, mwanangu? Na mimi nilidhani unafurahi."

Nilidhani unafurahi. Mbele ya watu wote.

Ningemwambiaje kwamba nililijaza dodoso Jumanne ile, nimetoka kumfunika shuka usoni yule mtoto wa kitanda cha nne aliyetufia? Wangeniuliza wiki moja kabla ningeandika kumi. Nikasema tu, "Samahani, Mwalimu."

Kisha nikapita kwenye ubao wa ratiba ya upasuaji wa kesho. Jina langu limefutwa. Pembeni, kwa mwandiko wa Mwalimu: "Apumzike."

Hajakasirika, ndicho kinachoniua. Amenionea huruma. Na mtoto wa kesho ana miezi mitatu, nilishamwahidi mama yake kwamba nitakuwepo.