Kalenga Hana Bandama

Naviundu, Lubumbashi

Mama yangu,

Goti limepungua kuuma? Na mihogo, mmemaliza kuianika? Mimi ni mzima, wa mwili tu.

Jumanne nilifiwa na mgonjwa, mwalimu wa mtaa wa Hewa Bora. Mwaka jana ajali ya pikipiki ilimpasua bandama, tukaitoa. Mtu asiye na bandama, Mama, vijidudu humuua upesi. Ndiyo maana lazima achanjwe. Tulimwandikia karatasi. Kwenye kituo cha afya akasimama katika mstari wa akina mama wenye vichanga. Muuguzi akamwuliza:

"Papa, mutoto iko wapi?"

"Mutoto ni miye."

Mstari mzima ulicheka. Akakunja karatasi, akarudi nyumbani. Alinisimulia hayo akitetemeka kwa homa aliyoitibu siku mbili kama malaria. Daktari mpasuaji alidhani kituo kimemchanja. Mimi nilidhani mpasuaji amefuatilia. Sisi madaktari tukishaandika, tunaona tumetenda.

Ndipo nikamkumbuka Kalenga wetu, mdogo wangu aniitaye Yaya. Alipoanguka kutoka juu ya lori la mahindi na kutolewa bandama, mimi ndiye niliyesoma karatasi yake nikakuambia, "Mama, amepona." Neno chanjo lilikuwamo. Nililipita.

Jana nilimpigia simu. Akacheka: "Yaya, miye niko na nguvu! Chanjo ni ya batoto. Unataka unibebe mu mugongo?"

Nilishindwa kucheka naye.

Mama, mpandishe gari la Alhamisi aje huku kwangu. Chanjo zake nimeziomba mwenyewe. Ziko kwenye friji ya kituo cha hapa, jina lake limeandikwa juu. Homa ikimshika kabla ya hapo, hata kidogo, msimpe dawa za malaria mkangoja. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, useme: "Huyu hana bandama." Yashike maneno hayo matatu.

Sijui kama utanilaumu. Afadhali unilaumu kuliko kuninyamazia.

Nisalimie baba mkubwa, fundi wetu wa baiskeli, na shangazi na samaki zake. Shangazi mwambie asimtanie Kalenga akiondoka. Aibu ndogo imekwisha kuua mtu. Nitasimama naye kwenye mstari, kati ya vichanga. Atakayeuliza mtoto yuko wapi, nitamshika Kalenga mkono nimwonyeshe.

Binti yako anayekuwaza,
Ngoie