Kikombe cha Malkia Wanne

Mama yangu, shikamoo.

Mvua ya huku ukweni Kanazi haina saa maalumu, lakini niko salama na nimeshiba ndizi. Nikupe habari za kikombe chako cha kauri, kile chenye picha za malkia wanne wa Afrika ya kale. Nilimkabidhi bibi yake mume wangu Deo kwa mikono miwili, maana mkwe mgeni hupimwa kwa zawadi ya kwanza. Akawatazama malkia mmoja mmoja, kisha akageuka, akaingia nacho ndani. Nikajua nimeharibu.

Alirudi nacho kimejaa punje za kahawa. Nami, mtu wa Tanga, nikakaa kusubiri maji ya moto na sukari! Deo alicheka hadi akashika ukuta. Kumbe huku kahawa ya kumkaribisha mgeni hutafunwa kavu, na maganda yake. Chungu, Mama, ila inanukia.

Majirani walipokuja kuniona, kikombe kikapita mkono kwa mkono, na bibi akawatambulisha malkia.

"Huyu ni mama yangu. Huyu mama mkwe wangu. Huyu ni mimi, kabla sijaota mvi."

Akabaki mmoja. Jirani akauliza, "Na huyu mwenye shingo ndefu?"

"Huyo ni mama wa bi harusi wetu," bibi akasema. "Yuko Tanga. Amewatanguliza wenzake."

Njoo basi, Mama. Wenzako wanakusubiri.

Mwanao akupendaye,
Rehema