Kioo Cheusi, Herufi Kubwa

Jumatatu, 7 Juni 1999

Tena leo. Nimewasha kompyuta, nikaenda kuweka birika, nikarudi nikakuta kioo cheusi tititi na herufi nyeupe kubwa kama za bango la mkutano wa injili. Nikabonyeza, nikatafuta, nikarudisha weupe, nikarudisha herufi ndogo. Chai ikapoa. Tangu shule ifunguliwe muhula huu kazi ya kwanza ya sekretari asubuhi ni hiyo, kurudisha.

Sakafu ya chumba cha kompyuta ni baridi kupita kiasi. Viatu tunaacha mlangoni kwa sababu ya vumbi la Ruiri, hata mkaguzi akija anavua. Soksi yangu ina tundu kwa kidole gumba. Nimechoka na ni Jumatatu tu.

Jumatano, 9 Juni

Cheusi tena. Nimemwita Mutembei, huyu mwalimu kijana wa fizikia anayeangalia kompyuta. Nikamwambia wazi, wewe ndiye unacheza na hii mashine. Akaapa kwa mama yake. Eti yeye anapenda rangi ya bahari. Nani amemuuliza anapenda nini?

Funguo za hicho chumba ninazo mimi, anazo Mutembei, na nyingine iko ofisi ya mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu hawezi. Alienda semina ya kompyuta Embu likizo ya Aprili, akarudi na cheti akakitundika ukutani, lakini tangu hapo sijamwona akigusa hata waya. Kwa hivyo ni Mutembei. Vijana hawa wanaapa ovyo.

Kwa herufi hizo naona maneno matatu tu kwa mstari. Mtihani wa majaribio wa kidato cha nne nitaupigaje? Jedwali linaanza hapa linaishia Isiolo.

Jumatatu, 14 Juni

Paredi ndefu, upepo mkali. Mwalimu mkuu alisoma matangazo yote niliyopiga Ijumaa. Kusoma nasema vibaya, hakushika karatasi. Alitaja saa za maandalio, vyumba vya mitihani, wanafunzi wa kwenda mashindano ya nyimbo, yote kwa kichwa. Walimu wanamwonea wivu. Mimi pia. Mimi nasahau hata mahali nimeweka chumvi.

Baadaye nilienda kumshtaki Mutembei. Nikaeleza mambo ya kioo yote. Mwalimu mkuu akaangalia dirishani. Halafu: "Ukikuta hivyo, rekebisha tu, Mama Kagendo. Usifanye iwe kesi."

Sawa. Kichwa kinaniuma mimi, si yeye.

Jumanne, 15 Juni

Cheusi. Nimerekebisha. Stima ikapotea. Nimerudi kwa taipureta. Mabega yanauma.

Jumatatu, 21 Juni

Aibu ya leo sitaisahau. Mtihani wa kilimo umetoka bila swali la saba. La sita, la nane, basi. Mwalimu wa kilimo alinifokea kwenye veranda wanafunzi wakisikiliza, eti kama nimezeeka niseme. Mimi niliyempigia barua yake ya kuomba kazi!

Najua lilipotelea wapi. Ijumaa asubuhi nilikuta weusi, nikasema nina haraka, wacha nifanye hivyo hivyo. Nikawa nahamisha mistari bila kuona juu wala chini. Nikalifuta bila kujua. Sasa watu wanasema sekretari hawezi kompyuta. Nikiondolewa hapa wataleta msichana mwenye cheti, na mimi nitarudi kukimbizana na mbuzi za Baba Kagendo. Hapana. Huyu anayenifanyia hivi atanitambua.

Alhamisi, 24 Juni

Nimemkabili Mutembei tena. Safari hii macho yalimjaa machozi. Akasema yeye ni mwalimu wa kulipwa na wazazi, si wa serikali, anaweza kufukuzwa kwa neno moja, kwa nini nataka kumwaga unga wake? Nikamwonea huruma kidogo. Kidogo tu. Nikamwambia kama si wewe, nisaidie kufunga hiyo kitu.

Ameweka neno la siri. Ukiwasha mashine inakuuliza, usipojua inakaa hapo ikikutazama. Tunalijua wawili. Nikalala vizuri, mara ya kwanza kwa wiki.

Jumatatu, 28 Juni

Kweupe! Herufi ndogo, zimekaa vile niliziacha. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Paredi ya leo ilikuwa fupi. Mwalimu mkuu alisema mengine tutaambiwa darasani. Pengine ni hii baridi.

Mchana alikuja hadi mlangoni pa chumba cha kompyuta. Akanisalimu. Akasimama. Akanisalimu tena kama ambaye hajanisalimu. Nikamuuliza kama kuna kazi, akasema hapana, endelea mama, akaenda zake. Wanaume wakikaribia kustaafu wanakuwa hivyo, hawajui waweke wapi mikono.

Ijumaa, 2 Julai

Nimepiga hotuba yake ya siku ya wazazi. Aliisema kwa mdomo, mimi nikiandika, halafu nikaipiga safi na kuitoa kwa printa. Hotuba nzuri, ina shukrani, ina kidato cha nne, ina tangi la maji. Nikampelekea jioni. Aliuliza kama kompyuta bado imewashwa. Nikasema nimezima na nimefunga, na sasa kuna neno la siri, hakuna mtu atachezea tena. Nilisema kwa kujigamba. Akasema vizuri.

Nilimwacha amesimama dirishani na karatasi. Nikadhani anaota jua.

Jumamosi, 3 Julai

Sijui niandike nini. Siku ya wazazi imeharibika.

Mwalimu mkuu alisimama na karatasi mkononi. Kwanza watu walishangaa hilo. Akaiweka mbali, akaivuta karibu, akaikunja. Akaanza kwa kumkaribisha mgeni wa heshima, akamwonyesha kwa mkono. Kumbe anayeonyeshwa ni mwenyekiti wa bodi! Walikuwa wamebadilishana viti kwa sababu ya jua. Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Mwalimu mkuu akasema maneno machache kuhusu tangi, akarudia yale yale, akanyamaza. Kimya kilikuwa kirefu hadi mtoto mmoja akaanza kulia. Halafu akakaa.

Nyuma yangu mama mmoja alisema, "Huyu amelewa." Mwingine akasema si leo tu, juzi alipita duka zima la watu bila salamu.

Yeye ni mzee wa kanisa. Hata uji uliochacha hagusi. Nilitaka kugeuka niwajibu, lakini ningesema nini? Nilikula wali wao bila kugeuka. Nilijichukia.

Jumapili, 4 Julai

Kanisani hakuja. Baada ya ibada habari ilikuwa pombe tu. Mwenyekiti ameitisha bodi Ijumaa. Baba Kagendo ananiuliza kama ni kweli. Nikamwambia niache nipumzike.

Jumatatu, 5 Julai

Nimejua.

Niliwasha kompyuta mapema, nikaandika neno la siri, nikaenda kuchota maji ya chai bombani. Maji yalikuwa yanatoka kidogo kidogo kwa hivyo nilichelewa. Kurudi nikakuta viatu vya mwalimu mkuu mlangoni, vile vya kahawia, kisigino kimelika upande mmoja. Mlango wazi nusu.

Alikuwa amekaa ndani na soksi zake. Kioo kimekuwa cheusi. Herufi kubwa. Uso umekaribia kioo hadi pua inagusa, na anausogeza pamoja na mstari, neno kwa neno, kisha anarudi kuanza mwingine. Alikuwa anasoma ile hotuba. Ile ya Jumamosi, ambayo watu wameshaenda nyumbani. Anaisoma kwa sauti, vizuri, mahali pa kupumzika anapumzika. Wageni waheshimiwa, wazazi, watoto wangu wa kidato cha nne.

Nilisimama hapo na ndoo. Sikuweza kuingia wala kuondoka. Mwishowe nikaikwaruza ndoo chini makusudi. Akageuka akanitazama usoni kabisa na akauliza, "Nani huyo?"

Nikasema ni mimi.

Akaniambia yote kwa ufupi. Kitu kimeharibika nyuma ya macho. Miwani haisaidii. Pembeni anaona, anaweza kutembea, lakini anachokitazama moja kwa moja ndicho kinachopotea: uso, karatasi, jina kwenye daftari. Semina ya Embu ndiyo iliyomwokoa, mwalimu wa huko aliwaonyesha jinsi ya kugeuza kioo kiwe cheusi na herufi kubwa, na yeye akaona maneno tena. Tangu hapo anakuja mapema, anasoma nilichopiga, anakishika kwa kichwa. Kurudisha weupe hakufundishwa, au alisahau. Alitaka tu kukitoa hiki kidato cha nne, kimalize mitihani, aende nyumbani na heshima yake. Hakuna anayejua. Hata nyumbani.

Halafu akauliza, "Ni wewe uliyefunga?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Ulifunga vizuri," akasema.

Jumanne, 6 Julai

Nina hasira naye. Angeniambia! Miaka hii yote nimempigia barua, nimemkingia wageni asiotaka kuwaona, nimemnunulia dawa ya kikohozi. Aliona heri Mutembei alie mbele yangu. Aliona heri nifokewe kwenye veranda.

Halafu nakumbuka ile pua kwenye kioo na hasira inaisha. Halafu inarudi. Nimechoka.

Nimemwomba Mutembei msamaha. Sikumwambia sababu. Akasema hakuna shida, Mama Kagendo, lakini hakunitazama.

Alhamisi, 8 Julai

Leo mwalimu mkuu amefunga mlango akaniuliza aseme nini kesho mbele ya bodi. Nikamwambia hiyo si kazi ya sekretari. Akasema najua, lakini nauliza wewe.

Akinyamaza, ni mlevi. Kanisa litamvua uzee na watoto watamwimbia njiani. Akisema, ni kipofu, na shule atanyang'anywa kabla ya mitihani ya Novemba. Nikasema mimi ningechagua kuitwa kile nilicho. Baadaye nilijuta. Ni rahisi kusema wakati macho si yako.

Ijumaa, 9 Julai

Bodi ilikaa ofisini kwake. Mimi nikiandika kumbukumbu za mkutano, kama kawaida. Mwenyekiti alianza mbali, nidhamu, mfano mwema, mambo ambayo jamii inasema. Alizunguka sana. Mwalimu mkuu akamngoja amalize.

Akasema: "Sikulewa. Sioni."

Kalamu yangu ilisimama, sikujua kama hilo linaandikwa. Nikaliandika. Mwenyekiti akainua mkono wake mbele ya uso wa mwalimu mkuu, akautikisa, kama watoto wanavyofanya. Mwalimu mkuu akamwambia hata huo mkono anauona kwa pembeni, aushushe. Mwenyekiti akaushusha. Aliona haya sana.

Hawakuwa wabaya. Walimsifu, mmoja akafuta macho kwa leso. Lakini waliamua vile nilijua wataamua. Atakaa hadi shule ifungwe Agosti, halafu naibu ashike. Kidato cha nne hatakitoa. Aliuliza mara moja tu kama angeweza kubaki hadi mitihani iishe, bila cheo, akae tu. Wakasema watafikiria. Nimekaa na bodi nyingi. Najua maana ya watafikiria.

Alitia sahihi pale nilipomwekea kidole.

Jumatatu, 12 Julai

Ukungu hadi saa nne. Mwalimu mkuu amepewa ruhusa, ameenda hospitali kuchukua karatasi za daktari.

Mke wake amekuja ofisini. Si mtu wa kuja hapa, ana mahindi yake na kanisa lake. Alileta maziwa kwenye chupa, akakaa kwenye benchi la wageni kama mzazi mwenye kesi. Nikammiminia chai. Akaniambia mzee amemwambia Jumamosi jioni, baada ya kula. Akaniuliza mimi nilijua lini. Nikasema Jumatatu iliyopita, si zaidi. Nadhani aliniamini.

Alikunywa nusu kikombe. Halafu akasema tangu mwaka jana mzee alikuwa akimpita sokoni bila kumsalimu. Wanakutana ana kwa ana kwenye vibanda vya mboga, na yeye anapita kama amepita mti. Hakuwahi kumuuliza. Alidhani ana mwanamke mwingine. Akawa anampakulia chakula na kwenda kulala, hamwambii neno, na mzee naye hasemi. Mwaka mzima.

Nikamwongezea chai.

Akaomba nimwonyeshe hicho kioo. Tukavua viatu, nikawasha. Kilikuwa bado cheusi, sijakigusa tangu wiki jana. Nikafungua ile hotuba. Akaitazama akiwa amesimama mbali, mikono kifuani. Akaniuliza mzee alikuwa anakaa karibu kiasi gani. Nikamwonyesha kwa kiganja, hivi.

Akavuta kiti, akakaa karibu kiasi hicho hicho, akaanza kusoma. Nikatoka nikamwacha.