Mjomba Amechagua Chogo

Jumatatu, 15 Oktoba 2007
Tangu asubuhi nachapa mtihani wa jiografia, kidato cha pili. Ukurasa wa tatu kioo cha kompyuta kikazima. Nimekipiga kibao, kikawaka. Nimekipiga tena, kikazima moja kwa moja. Fundi redio amekifungua, akanusa ndani, akakifunga. Basi.

Mwalimu Neema anazitaka karatasi zake Ijumaa. Shule yake ndiyo inayoniweka hapa Mkomaindo, Masasi. Bila mitihani yake kibanda hiki kingekuwa cha maandazi, na mimi maandazi sijui.

Jumanne, 16 Oktoba
Mdogo wangu Issa amefurahi, wala hafichi. Anasema sasa tununue kioo kikubwa, tuweke gemu za mpira, vijana wacheze kwa zamu. Nimemwambia kompyuta ni ya kuchapia. Kacheka, eti kazi ni ile inayoingiza. Nimemchukia kutwa nzima.

Kwa muuza vitu vya mtumba vioo viko viwili tu. Flati moja nyembamba, na chogo moja, kubwa, mgongo umetokeza nyuma kama televisheni za zamani. Muuzaji mwenyewe kakiri: flati kwa maandishi, herufi zinatulia, macho hayaumi. Chogo kwa gemu, maana kwenye ile flati mpira ukipigwa unaacha mkia. Nusura nimkumbatie.

Lakini si mimi wa kuamua. Kompyuta ilinunuliwa kwa korosho za mjomba. Na hata isingekuwa hivyo, kwetu mjomba akisema, baba mzazi ananyamaza. Tumempigia simu kijijini kwake, Chilangala. Anashuka keshokutwa.

Alhamisi, 18 Oktoba
Nimeshindwa. Naandika upesi kabla sijaanza kujidanganya kwamba ni kheri.

Mjomba kafika, shikamoo, marahaba, maji, ugali. Kompyuta hajawahi kuigusa. Njia nzima namweleza: macho, herufi, mitihani, Mwalimu Neema. Naye anaitikia, enhe, enhe. Nikajua imekwisha, flati ni yangu.

Dukani Issa katangulia. Chogo linawaka, mpira unachezwa, watu wamejaa mlangoni. Mjomba hata hakuutazama huo mpira. Kaomba vyote vizimwe. Kanyanyua flati kwa mkono mmoja, kaitikisa karibu na sikio, kaiweka. Kisha chogo, kwa mikono miwili, mishipa ya shingo imemsimama. Vilevile anavyopima korosho ghalani, sioni tofauti.

"Hii nyepesi ni pepe," akasema. "Korosho nyepesi ukiibangua unakuta vumbi."

Muuzaji kachukua kitambaa, kalifuta chogo vumbi. Mjomba kanigeukia. "Au mwanangu Mwanahawa unasemaje?"

Mtoto wa dada atamwambiaje mjomba wake, mbele ya umati, kwamba hajui kupima? Nikasema, "Sawa, mjomba."

Issa ndiye aliyelibeba. Anapiga mluzi.

Ijumaa, 19 Oktoba
Jiografia nimemaliza, Mwalimu Neema kachukua. Hilo dude limejaza meza, kibodi naiweka mapajani. Kioo kinapepesa. Kichwa kinanigonga hadi kwenye meno.

Tumekubaliana: asubuhi maandishi, mchana gemu.

Jumanne, 23 Oktoba
Makubaliano gani. Vijana wanafika asubuhi kuwahi zamu, wanajipanga kwenye benchi nyuma yangu. Nusu yao ni wanafunzi, mashati meupe wameyakunja mikono. Nimetaka kugeuza meza nielekee mlango. Soketi ni moja, waya haufiki. Nimemwomba Issa benchi likae nje. Anasema jua.

Alhamisi, 25 Oktoba
Kemia, kidato cha tatu. Kwenye chogo herufi zimenenepa kama za bango la sinema. Nachapa, nasikia nyuma yangu mtu anasoma polepole. Swali la pili. Neno kwa neno. Nimegeuka. Mmoja anasoma, mwenzake anaandika kwenye kiganja.

Nimezima kioo. Nimechelewa. Nimewatoa wote, Issa kawarudisha wote, eti nawafukuzia wateja. Nimemweleza ni mtihani, wale ndio watakaoufanya. Kaniambia nipunguze herufi. Nimepunguza. Sasa hata mimi sizioni.

Namwambiaje Mwalimu Neema? Nikisema, kazi imekwenda. Nisiposema, ni dhambi. Nimezipeleka karatasi zilivyo, sikusema.

Jumatatu, 29 Oktoba
Mwalimu Neema kaja. Nimempa kiti, hakukaa. Kalitazama chogo, kalitazama benchi, kawatazama waliokaa. Wawili wakainamisha vichwa.

"Mama Asha," kaniita, "darasa zima limepata swali la pili. Hata wasiojua kuandika majina yao."

Hakuniita mwizi. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Kaomba miswada iliyobaki, historia na baiolojia, nikampa mikononi. Kaondoka. Nimeingia nyuma ya pazia nikalia, na mpira unaendelea, goli, kelele, benchi limepinduka.

Jumatano, 31 Oktoba
Nimempigia mjomba. Maneno nilikuwa nimeyapanga: tulirudishe, tuombe ile flati, tuongezee kidogo. Hakunipa nafasi. Kaanza yeye kuuliza kama lile zito linapiga kazi. Sauti imejaa raha. Anasema Chilangala nzima inajua, na Mkunya wamesikia, kwamba kashuka Masasi kawachagulia watoto wa dada yake kitu cha maana. Anasema hata kompyuta ni korosho tu, ukijua kupima.

Nikasema linapiga kazi, mjomba. Si uongo. Linapiga kazi tangu kunakucha.

La kuvunda halina ubani.

Ijumaa, 2 Novemba
Muuzaji kasema flati imekwenda. Kainunua mama mwingine mchapaji, wa ng'ambo ya barabara. Sikuuliza zaidi.

Jumatatu, 5 Novemba
Issa kaniwekea stuli mlangoni. Nashika zamu: nani kaja kwanza, nani kamaliza. Kazi nyepesi. Macho hayaniumi tena.

Kama saa nne Mwalimu Neema kapita na bahasha kwapani. Kanipungia mkono, nami nikampungia. Akavuka barabara, akaingia kwa yule mama.

Waliofuata kwenye zamu walikuwa wale wawili wa kemia. Wameniamkia kwa adabu, shikamoo mama. Nimeitikia, nikasogeza miguu wapite.