Joto Kidogo, Nusu ya Tembe

Jumatatu, 4 Machi 1996
Hodhi la maji moto tena, sahani za bakteria tena. Kundi la kwanza nililitia moja kwa moja kwenye joto kali. Wamekufa. La pili nililipasha kwanza, kidogo tu, ndipo nikalitia kwenye kali. Wengi wako hai. Mkubwa wangu wa maabara anachekelea: ni zile protini za mshtuko wa joto. Bakteria akipata joto kidogo huzitengeneza haraka, nazo hushikilia protini nyingine zisivurugike, kama unavyomshikia mtu ngazi. Mimi sichekelei. Nimefika nyumbani Makadara, nimemkuta mdogo wangu Kyalo anakohoa.

Alhamisi, 7 Machi
Kikohozi kimerudi kweli. Ana kifua kikuu, yuko kwenye dawa tangu kabla ya Krismasi. Alikuwa ameshanenepa, akarudi kiwandani kule Baba Dogo kuyeyusha aluminiamu ya sufuria. Sasa shati linamning'inia. Ati ni moshi wa tanuri. Moshi gani! Naogopa.

Jumamosi, 9 Machi
Nikifua suruali yake ya kazi nimepata karatasi ya gazeti mfukoni. Ndani, nusu za tembe. Nimembana mpaka akasema. Onyango, mwenzake wa tanuri, naye anakohoa. Haendi kliniki: watu watasema ni ule ugonjwa, ukimwi. Na pale kiwandani wawili wa tanuri moja hugawana kila kitu, mkate, sigara, chai. Kyalo akagawa na dawa. Kila siku, katikati.
"Ni beste yangu, sista. Ningekula peke yangu vipi?"
Nimemfokea mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nimelia.

Jumatatu, 11 Machi
Leo hodhi limenishinda kulitazama. Najua joto si dawa, na bakteria wangu si wale wa kifua kikuu. Ingawa wale nao, mkubwa anasema, hutengeneza protini hizo wakibanwa mwilini. Na nusu ya tembe huua wanyonge, huacha sugu. Jioni nimemweleza Kyalo pole pole. Ameuliza kitu kimoja tu: "Kwa hivyo nimemuua Onyango?"

Jumatano, 20 Machi
Tumempeleka Onyango kliniki, tumemshika huku na huku. Amekubali baada ya kushindwa kusimama. Makohozi ya Kyalo bado yana vijidudu. Daktari anahofia dawa za kwanza hazifanyi kazi tena. Sasa ni tembe nyingine, na sindano kila asubuhi. Nina hasira na Onyango. Naona haya kumkasirikia mgonjwa, lakini ninayo.

Jumapili, 31 Machi
Onyango amefariki. Kyalo hakulia. Amegeukia ukuta, chakula kimepoa.

Jumatatu, 22 Aprili
Mvua tangu asubuhi. Sindano zinaendelea, kama zinasaidia hatujui. Kyalo amekula nusu ya mkate. Nusu nyingine ameifunga kwenye gazeti, akaitia mfukoni. Nikamkumbusha kwamba haendi kazini. Akaitoa, akaiweka mezani, hakuigusa tena.
Nimemchemshia chai. Tembe zake ziko kwenye kisosi, nzima, nami nimekaa hapa nikingoja azimeze.