Mbu wa Pwani na Viti Vyetu Viwili

Jumatatu, Agosti 1996. Ruiru.

Baridi na manyunyu tangu alfajiri. Ukungu umekaa juu ya mashamba ya kahawa na haujaondoka mpaka sasa, saa sita mchana. Ninaandika nikiwa kwenye kibanda changu cha kushonea, miguu juu ya kigoda, na gauni la bibi harusi wa Jumamosi linaning'inia ukutani likinisuta. Lingoje kidogo. Asubuhi hii nimelia, nimecheka, halafu nimelia tena, na yote yalikuwa ya furaha.

Lazima niandike yote, hata lile la aibu.

Mume wangu, ambaye kila mtu humwita Mwalimu, hata mimi, anafundisha shule ya msingi huko Mugutha. Walimu wa pale walipanga safari ya Pwani likizo hii: siku tano, na mbili kati ya hizo kwenye uwanja wa michezo ya maji. Picha yake imebandikwa ofisini kwao. Kuna bomba la bluu linalopanda juu kama nyumba ya ghorofa tatu, na watu wanateleza ndani yake hadi wanatumbukia bwawani. Tulichukua viti viwili mwezi wa pili, kabla sijajua kwamba tungekuwa watatu.

Niliitaka safari ile vibaya sana. Ninawashonea mabibi harusi magauni, wanavaa, kesho yake wanaenda Mombasa fungate. Mimi fungate yangu ilikuwa chumba kimoja hapa Ruiru, Mwalimu akisahihisha mitihani ya darasa la saba kitandani.

Lakini kulikuwa na jambo lingine, na sikuwahi kumwambia mtu. Niliogopa kuwa kama mama. Mama ana duka dogo kule Witeithie, kando ya barabara kubwa. Miaka yote hiyo ameona mabasi ya Nyeri, Meru na Garissa yakipita mbele ya mlango wake na hajapanda hata moja. Mwisho wake ni Nairobi, mara mbili: mara moja mazishi, mara moja kung'olewa jino. Tulipokuwa wadogo tukimuuliza kwa nini haendi mahali, alikuwa anajibu, "Mtu na watoto anaenda wapi?" Nilipojua nina mimba nilifurahi mpaka nikapiga vigelegele peke yangu hapa kibandani, kisha jibu lile likanijia kichwani.

Kwa hiyo nikajiambia: Pwani kwanza, halafu mtoto.

Nilipoenda kliniki Thika nikiwa na miezi mitano, nilimwambia sista juu ya safari. Akaweka kalamu chini.

"Wewe ni mtu wa huku kwa baridi," akasema. "Mwili yako haijazoea malaria. Na hii ni mimba ya kwanza, ndiyo inashikwa vibaya. Unaweza poteza mtoto, ama azaliwe mdogo hana nguvu."

Nikauliza kama hakuna vidonge, kama neti haisaidii.

"Inapunguza, haimalizi. Siwezi kukufunga kamba. Lakini ungekuwa dada yangu, ningekwambia ngoja uzae kwanza."

Nilisikia vizuri sana. Kufika nyumbani nikamwambia Mwalimu: sista amesema kuna vidonge, na tubebe neti. Kila neno lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo.

Kisha, ili uongo wangu ufanane na ukweli, nikashona neti.

Nilikuwa na mabaki mengi ya kitambaa cha shela. Nikayaunganisha nikapata neti kubwa ya kufunika kitanda kizima. Nikatia na lesi kwenye pindo, maana mkono wangu haujui kushona kitu cheupe bila lesi. Ilikuwa nzuri. Mwalimu, ambaye hawezi kuamini kitu kabla hajakifanyia mtihani, akasema tuijaribu. Jioni akavaa kaptura yake ya michezo, tukaifunga neti kwenye kamba ya nguo karibu na mtaro, akaketi ndani na miguu wazi, daftari mkononi, ili aandike kila mbu atakayeingia.

Majirani wote walitoka. Mama Shiru wa nyumba ya pili akauliza, "Mwalimu, kwani unaoa tena?"

Shela lina matundu makubwa. Mimi fundi wa shela miaka saba, sikufikiria. Mbu wetu wa Ruiru, wembamba kwa baridi ya mwezi wa nane, walipita bila hata kubisha hodi. Mwalimu alitoka mle na miguu kama imemwagiwa upupu. Daftari lilisema kumi na saba, na alikuwa anacheka.

"Hii inazuia bwana harusi peke yake," akasema. "Usijali. Nitatafuta ile ya kweli Thika, ile inachovywa dawa. Sista akisema neti, basi ni neti."

Alisema hivyo akijikuna, uso umejaa imani. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia pale pale uani maneno yote ya sista, lile la kumpoteza mtoto pia, na kwamba nilikuwa nimekaa nayo siku tisa.

Aliacha kujikuna. Hakupaza sauti. Alifungua neti kwenye kamba, akaikunja polepole, akaikunjua, akaikunja tena. Halafu akasema, "Nyambura, mimi naweza kaa na wewe hapa Ruiru mpaka tuzeeke. Lakini usinichagulie maneno."

Nililia sana siku ile. Nilikuwa nimeuchezea uhai wa mtoto ambaye tumemngoja miaka minne, kwa sababu ya bomba la maji. Nimeiandika hapa ili siku moja nisijidanganye kwamba sikufanya.

Hatuendi, basi. Ikawa hivyo.

Siku mbili baadaye mama akatokea na kikapu cha nduma na unga wa uji. Sijui nani alimpelekea habari, lakini alikuwa amekuja kupigana.

"Haiya! Ati Mombasa na tumbo? Na vile mbu ya huko inakulanga watu! Wewe Nyambura uko na akili kweli?"

"Siendi, mama," nikasema.

Akabaki amesimama na hasira zake zote, hana pa kuziweka. Nikamwonea huruma. Na bila kufikiri nikamwambia, "Viti viko. Si uende wewe."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaketi, akaanza kumenya nduma. Akamenya moja, akamenya ya pili. Hiyo ya pili aliimenya mpaka ikabaki ndogo kama yai.

"Na hiyo bomba ya kuteleza," akasema bila kuinua macho. "Wazee wanakubaliwa?"

Nina miaka ishirini na saba na sijawahi kumsikia mama akitaka kitu chake mwenyewe.

Kiti cha pili tulimpa mama yake Mwalimu. Wakwe hawa wawili wanaheshimiana kiasi kwamba chai hupoa wakiombana nani atangulie kunywa. Niliwapeleka wote wawili Thika kwa sista, ambaye aliponiona nimekuja na wamama badala ya mizigo alinishika mkono. Aliwapa vidonge vya kumeza kabla ya safari, wakiwa huko, na wiki nne baada ya kurudi. Akawaambia wavae mikono mirefu jioni. Akawaambia homa ikimshika mmoja wao, hata mwezi mzima baadaye, aende hospitali haraka na aseme alikuwa Pwani. Vidonge ni vichungu sana. Walivimeza wakitazamana, kila mmoja akikataa kukunja uso mbele ya mkwe wake.

Neti ya kweli Mwalimu aliipata. Tuliichovya dawa kwenye karai kama tulivyoelekezwa, yeye akiwa amevaa glavu na mimi nimefukuzwa mbali, akaianika kivulini.

Mimi nikawashonea nguo za maji. Za bluu nzito, mikono mpaka kwenye kiwiko, urefu chini ya goti, maana hakuna kati yao aliyekuwa tayari kuonyesha paja kwa watu wa Mombasa. Mama aliijaribu yake hapa kibandani. Akajigeuza mbele ya kioo kile wanachojitazamia mabibi harusi, mara moja, mara mbili, akaomba niipunguze kidogo kiunoni.

Leo asubuhi basi lilikuwa mbele ya shule saa kumi na mbili, taa zimewashwa kwenye ukungu. Mama alikuwa na viatu vya kanisani. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno mengi: asisahau vidonge, asikae nje jioni, anipigie simu kwa duka la Mama Shiru. Hakunipa nafasi. Alipanda, akafika kwenye kiti cha nyuma ya dereva, na nikamsikia akimwambia mkwe wake, yule yule wa kupoza chai, "Leo mimi nakaa dirishani."

Basi likaondoka. Nikapunga mkono. Mwalimu akapunga mikono yote miwili. Nikaita, "Mama!" kwa sauti hata watu wakageuka.

Yeye alikuwa anatazama mbele, amemwinamia dereva, anamwonyesha barabara kwa kidole kana kwamba anaijua.

Ana miaka hamsini na nane, amezaa watoto sita, na anaenda kuteleza kwenye bomba. Basi hata mimi nina wakati. Nilisimama pale na tumbo langu, mkono wa Mwalimu begani, mpaka taa za nyuma zikapotea kuelekea Nairobi.

Hakugeuka hata mara moja. Sijawahi kufurahia kusahauliwa namna hii.