Mswaki wa Umeme Ulionitumia

Saluni ya Kona,
S.L.P. 217.
Jumanne, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Magoti yako yanaendeleaje? Shemeji na wapwa zangu hawajambo? Sisi huku mwili mzima. Roho ndiyo mgonjwa.

Mswaki wa umeme ulifika salama, ahsante sana. Nakushukuru zaidi kwa kunivuta pembeni ukaniambia kwamba kinywa changu kinanuka. Wengine wote walinicheka kisogoni, wewe ukaniambia usoni. Lakini nimechoka, Dada.

Kazi ya kinyozi unaijua. Ndevu hazinyolewi kwa mbali, lazima niiname, uso kwa uso, nimvute mtu shavu. Sasa wateja wa ndevu wote wamehamia kiti cha mwenzangu, Mkono Mwepesi. Mwepesi wapi! Juzi tu kamtoa mwalimu mkuu damu sikioni, na kesho yake mwalimu karudi palepale. Afadhali damu kuliko pumzi yangu. Mimi nimeachiwa vichwa, tena upande wa kisogo.

Na mswaki wenyewe niliutumia kijinga. Ule mpira wenye vinundu mgongoni mwake nilisugulia ulimi asubuhi na jioni, kama ulivyonielekeza. Ila mazoea yana taabu. Unavyonguruma ni mashine ya kunyolea tupu, basi kila nikimaliza nauchovya kwenye spiriti kama ninavyosafisha mashine zangu, halafu kesho naurudisha mdomoni. Miezi miwili! Kinywa kikakauka kama kigae na harufu ikazidi. Nikaamini nimelaaniwa.

Daktari wa meno alipousikia mkasa huo alicheka mpaka akakaa chini. "Kaka, kinywa siyo wembe," akasema. "Suuza mswaki kwa maji. Anzia nyuma ya ulimi uje mbele, polepole, usikwangue. Na maji unywe." Nikafuata yote. Juzi akanichungulia, akaninusa bila haya, akasema ulimi umetakata, harufu hakuna.

Nilikwenda nyumbani mbiombio. Mke wangu alikuwa sebuleni anakunja nguo. Nikamwambia, "Hebu ninuse," nikampulizia. Akatabasamu, "Safi, mume wangu." Lakini nilimwona, Dada. Alikuwa amebana pumzi kabla sijafungua mdomo. Miaka sita anabana hivyo, na nadhani hata hajui kwamba anabana.

Nimekata tamaa kabisa. Nimepona na hakuna wa kujua.

Mama anakusalimu. Yeye bado ananikumbatia, ila pua yake ilishakufa zamani, hawezi kuwa shahidi. Nisalimie shemeji, na kifungua mimba wako mwambie mjomba anamkumbuka. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake.

Ukija likizo, Dada, usinisalimie ukiwa mlangoni. Sogea karibu, uvute pumzi.

Mdogo wako akupendaye,
Kinyozi.